Beleshi Chini ya Kamera

Herlinde Ganahl alikuwa na miaka hamsini na mmoja shanta yake ya zamani ilipokatika mkanda. Ilikatika mwezi wa kumi na moja, mbele ya mlango wa kanisa, akitoka kupiga picha za ubatizo, na kamera mbili zilizokuwamo zikagonga mawe. Hazikuvunjika. Lakini watu waliomwona akipiga magoti kuzipapasa, kama mama anavyompapasa mtoto aliyeanguka, walitazamana wakatabasamu, maana kijijini Valgrina ilikuwa inajulikana kwamba Herlinde hana mume, hana mtoto, ana kamera.

Miaka ishirini na minne alikuwa amekula jasho la kamera hizo. Kiangazi alipiga picha za harusi, na za ng'ombe wakishushwa kutoka malisho ya juu na maua vichwani. Kipupwe, ambacho ndicho kilichomlisha, alipanda mlimani na vijana wanaojua kuteleza kwenye theluji kwa skii, zile mbao nyembamba za miguuni, akajibanza kwenye mwamba, akawasubiri waruke. Kwenye picha huonekana kijana angani, skii zinameta, theluji inaruka nyuma yake kama unga. Haonekani mwanamke aliyesimama nusu saa kwenye upepo na kilo kumi na nne mgongoni. Herlinde hakulalamikia hilo. Aliipenda kazi yake, na mtu anayeipenda kazi yake huwa na mgongo mgumu.

Basi mkanda ulipokatika alibeba vifaa vyake vyote kwenye beseni la nguo, akaenda dukani kwa Wendelin Netzer.

Wendelin alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu. Thelathini kati ya hiyo alikuwa mwokoaji wa mlimani, mpaka goti lilipomkataa. Sasa aliuza skii, viatu na shanta, na kila aliyeingia dukani kwake alitoka na bidhaa na mawaidha.

"Unahama nyumba leo?" alimuuliza alipoliona beseni.

"Nahamia mgongoni kwangu, kaka. Nipe kitakachonitosha."

Wendelin aliweka shanta mbili juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa nyekundu, na ndani yake limekunjwa puto. "Poromoko la theluji likikuanza, unavuta kishikio hiki cha begani," alisema. "Puto linajaa hewa, unakuwa mkubwa, theluji inakubeba juu juu badala ya kukumeza. Unafunga na ukanda huu katikati ya miguu, la sivyo shanta itakuvuka kichwani na kukuacha."

Herlinde alianza kupanga. Kamera ya kwanza iliingia. Lenzi fupi iliingia. Lenzi ndefu, ile nyeupe nzito kama mtungi, ambayo mahoteli yalimwajiri kwa ajili yake, ilikataa. Chupa ya hewa ya puto ilikuwa imekalia theluthi ya nafasi. Aliigeuza, akaisimamisha, akailaza. Ilikataa.

Ya pili ilikuwa ya kijivu, imeshonwa kwa ajili ya wapiga picha. Ilifunguka upande wa mgongoni, ili mtu ailaze kifudifudi kwenye theluji na mikanda ibaki mikavu. Ndani ilikuwa na vyumba vyenye kuta laini. Vifaa vyote viliingia, lenzi ndefu ikalala katikati kama bibi harusi. Mbele kulikuwa na mfuko wa peke yake, mwembamba, wenye zipu ya rangi ya machungwa.

"Sasa nisikilize," Wendelin alisema, akagonga zipu hiyo kwa kidole. "Mfuko huu ni wa beleshi na ufito wa kuchoma theluji kumtafuta aliyefukiwa. Si wa chai, si wa mkate, si wa lenzi. Hapa ndipo mkono utakapokwenda wenyewe siku ambayo akili haipo."

"Nimekusikia."

"Umenisikia, au umenisikiliza?"

Herlinde alicheka. Aliivaa tena ile nyekundu, akajitazama kwenye kioo, akaivua. "Nikichukua hii nitakuwa nimebeba woga na kuiacha kazi nyumbani," alisema. Wendelin alikuwa rafiki, lakini pia alikuwa muuza duka, na mteja alikuwa ameshachagua. Akaifunga ya kijivu.

Haikuwapo siku moja ambayo Herlinde aliketi na kuamua kukosea. Wiki za kwanza alipanga kama alivyoagizwa: beleshi na ufito mbele, kamera nyuma. Lakini kila alipohitaji lenzi fupi ilimbidi ailaze shanta, afungue mgongo mzima, na upepo wa ukingoni ulikuwa unasubiri hilo tu umwagie theluji ndani. Juu yake Severin amesimama tayari, mwanga unakimbia, vidole vimekufa ganzi.

Severin Vonier alikuwa fundi seremala wa miaka ishirini na saba, na mtelezaji hodari kuliko wote kijijini. Mama yake, Reinhilde, alisoma darasa moja na Herlinde, na tangu utotoni kijana alimwita Herlinde shangazi.

"Shangazi," alimpigia kelele kutoka juu, "ukichelewa hivyo nitaota ndevu mpaka magotini."

"Ota tu, zitakupa joto."

Siku ya tatu ya utani huo Herlinde alihamishia lenzi fupi kwenye mfuko wa mbele, karibu na beleshi, ili iwe rahisi kuichomoa. Bapa la beleshi likawa linaikwaruza. Akalitenganisha beleshi na mpini wake, bapa akalitia ndani, chini kabisa ya vyumba vya kamera, mpini ukakaa ubavuni. Ufito ukabaki mbele. Alijiambia ni kwa siku hiyo tu. Kesho yake shanta ilikuwa imeshapangwa, na haikuwapo sababu ya kuipangua. Kila asubuhi, kabla ya kupanda, yeye na Severin walijaribiana vifaa vya ishara walivyovaa kifuani, vile vinavyolia na kuonyesha umbali wa mwenzako akifukiwa. Hakuna aliyemwambia mwenzake, hebu nione beleshi lako.

Poromoko lilitokea Alhamisi moja ya mwezi wa pili, saa tano asubuhi, kwenye mteremko ulio nyuma ya zizi la juu. Tangazo la asubuhi lilisema hatari ni ya daraja la tatu kati ya tano, na vipupwe vingi huwa ni daraja la tatu kwa wiki nzima na watu wanafanya kazi. Severin alikata kona mbili, safi kabisa. Ya tatu ilipoanza, theluji iliyo juu yake ilipasuka kwa mstari mrefu, kama sahani. Herlinde alisikia kishindo kizito, kisha mteremko wote ukawa unatembea. Aliona mkono, aliona skii moja, halafu haoni kitu.

Kila mtu aliyewahi kufundishwa hujua afanye nini, na Herlinde alifanya. Alikodoa macho mahali alipomwona mwisho. Alipiga simu ya dharura, akataja mahali. Aligeuza kifaa chake kitafute. Alishuka huku namba zikipungua: arobaini, ishirini na mbili, tisa, mbili. Akapiga magoti, akafungua zipu ya rangi ya machungwa, akachomoa ufito, akaunyoosha, akachoma. Mara ya tatu ufito uligota kwenye kitu laini, mita moja na zaidi kidogo kwenda chini. Hadi hapo zilikuwa zimepita dakika nne, na waokoaji walimwambia baadaye kwamba hata wao wasingekwenda kasi kuliko hivyo.

Kisha mkono wake ulirudi wenyewe kwenye mfuko wa mbele kutafuta beleshi, ukashika lenzi.

Aliitupa. Aliigeuza shanta, akafungua mgongo. Zipu ilikuwa imeganda barafu, ikakwama katikati. Akavua glavu, akaivuta kwa meno. Vyumba vya kamera vilikuwa vimekazwa vizuri sana, ndiyo sifa yake shanta ile. Akang'oa kamera, akang'oa lenzi ndefu, akaitupa kando, nayo ikaanza kuteleza kuelekea korongoni wala hakuitazama. Bapa la beleshi lilikuwa chini ya kitambaa kilichobandikwa, limebana. Alilivuta likatoka pembe moja. Akalivuta tena. Akatafuta mpini, akauona, akauingiza kinyume, akauchomoa, akauingiza sawasawa. Wakati wote huo ufito ulikuwa umesimama kwenye theluji kando yake, na chini ya ufito kulikuwa na mtoto wa Reinhilde.

Alichimba. Alichimba mpaka mate yake yakawa na ladha ya chuma. Alifikia bega, kisha kofia ngumu, kisha uso. Ulikuwa na rangi ya zambarau iliyopauka. Alimtoa theluji kinywani kwa kidole, akampulizia pumzi, akampulizia tena. Helikopta ilipotua Severin alikuwa ameanza kuvuta hewa peke yake, kwa mkoromo, macho hayajafunguka.

Aliishi. Hilo kijiji kizima kilimshukuru Mungu, kisha kikamshukuru Herlinde. Waokoaji walimpa cheti kwenye mkutano wao wa mwaka, wakapiga makofi wamesimama. Jarida la kijiji liliandika habari zake ukurasa wa kwanza. Na Reinhilde, mwanamke asiye na maneno mengi, alianza kumletea keki ya njugu kila Jumapili baada ya misa. Aliikata mwenyewe, kwenye meza ya Herlinde, akamtazama akila.

"Kula, mwenzangu," alisema. "Ningekuwa na kingine cha kukupa ningekupa."

Herlinde alikula. Kila tonge lilishuka kama kokoto.

Severin alirudi nyumbani mwezi wa nne. Alitembea, aliongea, alitania. Lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa unatetemeka, na jambo ulilomwambia asubuhi, jioni lilikuwa limeshamtoka. Tajiri wake wa useremala alikuwa mtu mwema. Hakumfukuza, ila hakumruhusu tena kushika msumeno wa umeme. Akampa kazi ya kupaka mbao mafuta na kufagia karakana. Mtu aliyekuwa akijenga ngazi za mzunguko bila kuchora akawa anakusanya vumbi la mbao za wenzake.

"Daktari anasemaje?" Herlinde aliuliza Jumapili moja, akijifanya anatafuta sukari.

"Anasema ubongo ulikosa hewa," alijibu Reinhilde. "Angekaa mle zaidi kidogo, leo ningekuwa naenda makaburini. Hivyo ndivyo ninavyojiambia."

"Na angetoka mapema kidogo?"

"Hilo nilimuuliza. Anasema hakuna anayejua." Reinhilde alifuta kisu kwa kitambaa. "Lakini ungemtoaje mapema kuliko vile? Ulikwenda kama umeme, kila mtu anasema."

Herlinde aliipata sukari, akaiweka mezani. Mlango wa kusema ukafungwa tena kwa wiki nzima.

Asubuhi moja ya mwezi wa tano, mgeni wa mwisho ameshaondoka na kijiji kimelala, aliitoa shanta ya kijivu kabatini. Aliipanga jikoni kama ilivyokuwa Alhamisi ile. Lenzi ndefu haikuwapo tena, akaweka chupa ya siki yenye unene ule ule. Akatega saa, akafungua, akatoa beleshi, akaunga mpini. Dakika moja na sekunde hamsini. Na hapo mikono ilikuwa na joto, zipu kavu, na sakafu haina mteremko. Akaipanga upya kama Wendelin alivyomwagiza, akatega saa. Sekunde kumi na moja. Alirudia asubuhi iliyofuata, na ile ya baadaye, kana kwamba saa ingemwonea huruma siku moja ikampa jibu jingine. Picha za ng'ombe za mwaka ule zilikuwa mbaya. Hakuna aliyemwambia, kwa kuwa alikuwa shujaa.

Mwezi wa kumi Wendelin alimpigia simu aje dukani, na aje na shanta. Alipofika alimkuta mzee amepanda kwenye ngazi ndogo dirishani na goti lake bovu. Alikuwa amesafisha dirisha zima la mbele, akatundika ndoano moja katikati. Chini yake aliweka kadi nyeupe aliyoiandika kwa mkono: *Shanta iliyomwokoa mtu wetu*.

"Nikopeshe mpaka Krismasi," alisema akishuka. "Watu wananijia kutoka mabonde ya jirani, wananiuliza, ile ya Herlinde unayo? Nimeagiza ishirini."

"Hapana, kaka."

"Acha unyenyekevu. Ni dirisha tu."

"Si unyenyekevu."

Kabla hajaendelea mlango ulifunguka, akaingia Reinhilde, na nyuma yake Severin akiwa na mkono wa kushoto mfukoni, mahali alipozoea kuuficha. Daktari alikuwa amemruhusu kuteleza tena kwenye njia zilizolainishwa kwa mashine, na yeye alikuwa amelisikia hilo kama ruhusa ya mlima mzima.

"Shangazi, umeniwahi," alisema. "Nimekuja kununua pacha ya hiyo yako."

"Mimi ndiye ninayelipa," alisema mama yake, "kwa hiyo asinibishie mtu."

Wendelin alikwisha kuinua mkono kuchukua moja kutoka kwenye rafu. Herlinde alimshika kiwiko.

"Usimpe," alisema. "Severin, usiinunue kwa sababu yangu."

"Kwani inaumiza mgongo?"

"Shanta haina kosa. Kosa ni langu." Alikiachia kiwiko cha Wendelin. "Siku ile beleshi halikuwa mahali pake. Nilikuwa nimeweka lenzi kwenye mfuko wa mbele. Beleshi lilikuwa ndani, chini ya kamera. Nilikupata kwa ufito, nikajua ulipo, halafu nikakaa dakika mbili au zaidi napekua shanta kabla sijaanza kuchimba."

Nje trekta lilipita na mzigo wa kuni, wakalisubiri lipite wote wanne, kana kwamba lilikuwa na la kusema.

"Sijaelewa," alisema Reinhilde. "Sema polepole."

Herlinde alisema polepole. Safari hii hakuacha kitu, hata ile mara aliyouingiza mpini kinyume.

Severin alikuwa ameutoa mkono mfukoni, anautazama. "Lingekuwa mahali pake ungetumia muda gani?"

"Sekunde kumi na moja."

"Umejuaje?"

"Nimepima. Jikoni kwangu."

"Mara ngapi?"

"Sikumbuki. Tangu mwezi wa tano."

"Ungesema tangu mwezi wa tano," alisema Severin, bila ukali, kama mtu anayesoma kipimo cha mbao. "Nilikuwa najiuliza kwa nini hunitazami usoni. Nilidhani ni kwa sababu ya huu mkono. Nilidhani unaona kinyaa."

"Kila Jumapili niliamka na nia ya kusema. Na kila Jumapili mama yako alikuwa ameshakata keki."

"Keki yangu usiitie humu," alisema Reinhilde. Alikuwa mweupe mpaka midomo. "Nimepiga magoti mbele ya madhabahu nikakuombea wewe kwa jina. Kabla ya marehemu mume wangu nilikutaja wewe." Alimgeukia mwanawe. "Twende."

"Mama, hakuna anayejua kama zile dakika mbili..."

"Twende, nimesema."

Kengele ya mlango ililia nyuma yao. Wendelin alikwenda dirishani, akaichukua kadi, akaipasua katikati, kisha akakaa juu ya kiti cha kujaribia viatu.

"Na mimi nina langu," alisema. "Mimi ndiye niliyekuuzia."

"Uliniambia."

"Niliwaambia wengi. Sikumwambia hata mmoja anionyeshe." Alisugua goti. "Miaka thelathini nimewatoa watu kwenye theluji, na wengine niliwatoa nikiwa nimechelewa. Ningeweza kukwambia kwamba dakika mbili si kitu. Nitakuwa nimekudanganya."

"Ndiyo maana nimelisemea hapa kwako na si kwa padri," alisema Herlinde, na hapo machozi yaliyokuwa yamekataa miezi minane yakamshuka. Wendelin alimpa kitambaa cha kufutia skii, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu.

Siku hiyo hiyo alichagua shanta kwa mara ya pili. Hakulichukua beseni. Alichukua ile nyekundu yenye puto, ambayo ilikuwa bado kwenye rafu na vumbi mabegani, akaijaribu akiwa na vitu vitatu tu: beleshi, ufito na sanduku la dawa. Vilipokaa alitazama nafasi iliyobaki. Ilitosha glavu za akiba, chupa ya chai, na lenzi fupi akiifunga kwenye soksi. Kamera yenyewe angeivaa kifuani kwenye kifuko kidogo. Hakuagiza lenzi ndefu nyingine.

Hoteli kubwa ilitazama picha zake za mwanzo wa kipupwe, ikaona watu wamekuwa wadogo na milima imekuwa mikubwa, ikamchukua kijana mmoja kutoka ng'ambo ya mlima. Herlinde alitarajia hivyo. Jambo hilo halikumuuma kama Jumapili zilivyomuuma. Reinhilde hakuja tena. Kanisani alihamia benchi za upande wa pili, na wakikutana kwenye duka la maziwa alitazama jibini kwa makini mpaka Herlinde atoke. Na habari haikukaa dukani kwa Wendelin. Watu wale wale waliompigia makofi walipunguza sauti alipopita. Mwanamke mmoja aliyesimama nyuma yake kwenye foleni ya lifti ya viti ya kupandia mlimani alimwambia mwenzake, "Ndiye yule aliyechelewa," naye Herlinde akasikia, akapanda, akakaa peke yake kwenye kiti cha watu wanne.

Mwezi wa kumi na mbili Wendelin alianza desturi mpya. Nyuma ya duka palikuwa na uwanja mdogo uliojaa theluji, na kila Jumamosi asubuhi aliyenunua shanta, au aliyekuwa na yake ya zamani, aliitwa pale. Alivaa glavu, akalaza shanta, Wendelin akabonyeza saa. Herlinde ndiye aliyesimama kando yao. Hakuhubiri. Alisema jina lake, akasema kilichotokea, kwa sentensi nne au tano, kisha akasema, "Haya, toa beleshi."

Wengine walitania. "Mwalimu Beleshi, leo una mtihani mgumu?" Wengine waliudhika, hasa wanaume wa makamo waliokuwa wameweka mabeleshi yao chini ya soseji na sweta, wakagundua hilo mbele za wake zao. Mmoja alitumia dakika mbili na nusu. Hakutania tena. Aliketi juu ya theluji akapanga shanta yake upya, bila kuambiwa.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi walikuwa wamebaki watu watatu uwanjani Severin alipoingia kwa mlango wa pembeni. Alikuwa na shanta yake mwenyewe, ile ile aliyofukiwa nayo, imeshonwa ubavu. Hakumsalimu mtu. Alisubiri zamu yake, akailaza, akamwangalia Wendelin.

Wendelin alibonyeza saa. Mkono wa kulia ulikwenda sawa, zipu ikafunguka. Wa kushoto ulishika mpini, ukatetemeka, mpini ukagonga ukingo wa bapa mara nne bila kuingia. Herlinde alijua namna ya kumsaidia, na mwili wake ulikwisha kupiga hatua moja. Akajizuia. Severin aliubana mpini kwenye mapaja, akausukumia bapa kwa mkono wa kulia. Ukaingia.

"Thelathini na nane," alisema Wendelin.

"Mbaya."

"Si nzuri."

Severin aliliweka beleshi chini, akavuta pumzi. Kisha akamtazama Herlinde usoni kwa mara ya kwanza tangu dukani. "Sijamaliza kukukasirikia, shangazi," alisema. "Kuna siku nasahau, maana nasahau kila kitu, halafu nakumbuka tena upya, na hapo hasira inakuwa kama ya jana."

"Najua."

"Hujui. Lakini sawa." Alirudisha beleshi kwenye mfuko wa mbele, akafunga zipu. "Mara moja tena," alimwambia Wendelin. "Na wewe, shangazi, njoo unionyeshe unavyokunja goti. Unakuwa chini zaidi kuliko mimi."

Herlinde alipiga goti kando yake kwenye theluji, akamwonyesha. Walirudia mara sita. Ya mwisho ilikuwa sekunde ishirini na tisa, na jasho lilikuwa likimtoka Severin kama amepanda mlima.

Barabarani, nje ya uzio, gari la Reinhilde lilikuwa limesimama na injini inawaka. Alikuwa amekaa nyuma ya usukani, kofia kichwani, anatazama mbele kwenye barabara isiyo na gari jingine. Severin alipoingia alimwambia neno, naye akajibu neno. Herlinde alikuwa amesimama langoni, umbali wa hatua kumi. Alitaka kuinua mkono, hakujua kama ana haki hiyo, akauacha. Gari liliondoka polepole kwa sababu ya barafu.

"Jumamosi ijayo Severin atakuja?" aliuliza Wendelin, akipangusa saa yake.

"Hakusema," alijibu Herlinde, akarudi ndani kumsaidia kufunga duka.